Risasi tano hazitoshi

Msimu wa kulungu hapa Texas hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, na kuanzia Septemba viwanja vya shabaha hujaa watu. Ukipita nyuma ya meza za wapigaji siku hizi utaona jambo ambalo zamani halikuwapo. Mtu anapiga risasi moja, kisha badala ya kuchungulia kwenye darubini aone imetoboa wapi, anageuka kusoma namba kwenye kidude kidogo kilichokaa kando ya bunduki. Anatabasamu, au anakunja uso. Karatasi ya shabaha imesimama yadi mia mbele na hakuna aliyeiuliza kitu.

Kidude hicho ni kronografu, kipima kasi cha risasi. Ninacho na ninakipenda. Najaza risasi zangu mwenyewe, na bila kipimo hicho ningekuwa napapasa gizani. Ugomvi wangu ni na sisi tunaokisoma. Kinatupa jambo moja la thamani kubwa, nasi tunaliacha pale mezani na kukimbilia jingine ambalo hakijapata nafasi ya kulipima sawasawa.

Ndugu zangu wa nyumbani najua wataanza kuuliza kama kazi hii ni halali, basi tulimalize hilo kwanza. Huku Marekani mtu mwenye haki ya kumiliki bunduki, awe raia au mwenye kibali cha ukaaji wa kudumu, anaruhusiwa kujaza risasi za matumizi yake. Akitaka kuziuza ndipo anahitaji leseni. Tanzania kutengeneza risasi bila leseni ni kesi, na Kenya hata uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hiyo haya ni mambo ya huku niliko. Asije mtu akayahamishia kwetu Liwale, kusini mwa Tanzania.

Kazi yenyewe ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki inayokaa kitakoni mwa ganda, baruti, na kichwa cha risasi. Ganda likishapigwa unaliokota, unalisafisha na kulirudisha kwenye umbo lake, unalivika fataki mpya, unapima baruti kwenye mizani hadi sehemu ya kumi ya greni (greni 7,000 ndizo ratili moja), kisha unakibana kichwa mdomoni mwake. Watu husema wanafanya hivi kuokoa pesa. Sijamwona aliyeokoa, kila anachookoa hukirudisha dukani kwa kununua baruti zaidi. Sababu ya kweli ni kwamba unapata risasi iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki moja tu, ile yako, na kwamba ni kazi ya jioni inayoituliza akili.

Liwale nimeitaja kwa sababu ndiko babu alikokuwa na gobore lake. Baruti aliimwaga kiganjani, akaitazama, akapunguza kidogo au akaongeza, akaimimina mtutuni na kuishindilia. Kasi ya ile gololi hakuna aliyeijua na hakuna aliyeihitaji. Tofauti za kiganja babu alizifidia kwa miguu yake: alinyatia mpaka akawa karibu kiasi kwamba kasi haikuwa na neno. Na ni bunduki za namna hiyo hiyo, za kujazwa kwa mbele, zilizomfanya mtu wa kwanza akae chini na kuuliza risasi inakwenda kasi gani hasa.

Mtu huyo ni Benjamin Robins, Mwingereza. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1742 alieleza pembea yake: kipande kizito cha mbao, kama ratili 56, kimening'inizwa kwa vyuma. Anakipiga kwa gololi ndogo ambazo kumi na mbili kati yake hufanya ratili moja. Gololi inazama kwenye mbao, mbao inarudi nyuma, na utepe uliofungwa chini yake unavutika na kuonyesha imerudi kiasi gani. Mbao ni nzito mara 672 kuliko gololi. Kwa hiyo mbao ikiondoka kwa futi mbili na nusu kwa sekunde, gololi ilikuja na karibu futi 1,700. Baadaye akaisogeza pembea mbali na mtutu, akapima tena, na akaona kasi imeliwa na hewa kwa kiwango ambacho watu wa mizinga wa enzi zake hawakukitarajia kabisa. Leonhard Euler, yule bingwa wa hesabu, alikitafsiri kitabu hicho kwa Kijerumani mwaka 1745 na kukiongezea maelezo yake.

Robins hakupima kasi. Alipima utepe. Kasi aliipata kwa hesabu, na hesabu ile ilikuwa nzuri kadiri alivyokuwa na uhakika wa uzito wa mbao, urefu wa vyuma na mahali gololi ilipogonga. Hali ni hiyo hiyo hadi leo, ila leo hesabu imefichwa ndani ya plastiki na sisi tunaonyeshwa jibu tu.

Karne moja baadaye, katika miaka ya 1860, ofisa wa mizinga wa Ubelgiji aitwaye Paul-Émile Le Boulengé alibuni chombo ambacho mimi hukiona kizuri kuliko vyote vilivyofuata. Fimbo ndefu ya chuma inaning'inizwa na sumaku ya umeme. Risasi ikikata waya wa kwanza, umeme unakatika na fimbo inaanza kuanguka. Ikikata waya wa pili, fimbo nyingine fupi inaanguka na kufyatua kisu kinachoitia alama ile ndefu ikiwa bado hewani. Kitu kinachoanguka hushuka karibu sentimita 5 katika sehemu ya kumi ya kwanza ya sekunde, kwa hiyo ukipima alama ile kwa rula umepima muda. Saa yake ni uzito wa dunia yenyewe. Viwanda vya silaha viliendelea kukitumia chombo hicho hadi ndani ya karne ya ishirini.

Raia wa kawaida alipata cha kwake kwa sababu ya elektroniki. Austin, mji mkuu wa jimbo hili, ndiko Dr. Ken Oehler alikotengeneza vipima kasi ambavyo mpiga shabaha aliweza kununua na kubeba kwenye gari. Jirani yangu, mzee wa Kiteksasi aliyenifundisha kazi hii, bado anatumia Oehler 35P yenye mashine ndogo ya kuchapa namba kwenye karatasi kama risiti ya duka. Vihisi vyake vinakaa juu ya reli mbele ya mtutu na kutazama angani. Kivuli cha risasi kikipita juu ya cha kwanza saa inaanza, kikipita juu ya cha mwisho inasimama. Risasi ya .308 (namba hiyo ni upana wa kichwa chake kwa inchi) ya kichwa cha greni 168 hutoka na futi 2,650 hivi kwa sekunde, yaani mita 808. Vihisi vikiwa futi mbili mbali, risasi inapita kati yake kwa sehemu 755 za milioni moja za sekunde. Ukivifunga vibaya kwa sehemu moja tu ya kumi na sita ya inchi, umeshakosea futi 7.

Ile 35P ina kihisi cha tatu katikati. Kila risasi inapimwa mara mbili, na vipimo viwili vikipishana mno chombo kinakuwekea alama kwamba hiyo usiiamini. Sijui kwa nini wazo hilo halikushika kila mahali. Vingi vilivyokuja baadaye kwa bei ya chini vilikupa kipimo kimoja na uso mkavu wa uhakika.

Nao uhakika wenyewe ulikuwa wa mashaka. Vihisi vya mwanga husumbuliwa na mwanga. Wingu likipita, jua likiwa chini, taa za tyubu za uwanja wa ndani zikipepesa, namba zinayumba au zinapotea. Ukiviweka karibu sana na mtutu, mshindo na moshi wa baruti vinaviamsha kabla ya risasi kufika. Kwa hiyo watu huviweka futi kumi au kumi na tano mbele, na sasa kuna jambo jipya: chombo kimekaa kwenye njia ya risasi. Kila uwanja wa shabaha wa Texas una kaburi la kronografu. Mtu anatazama kupitia darubini iliyo inchi moja na nusu juu ya mtutu, anaona njia nyeupe kabisa, anafyatua, na dola mia moja na ushee zinapaa vipande vipande. Mzee wangu ana kitobo kimoja kwenye reli yake. Hapendi kukizungumzia.

Kisha vikaja vya sumaku, vinavyofungwa kwenye mtutu kama singe. Kichwa cha risasi, kilichotengenezwa kwa shaba na madini ya risasi, hakivutwi na sumaku, lakini metali ikipita kwa kasi kwenye uga wa sumaku huzua umeme ndani yake, na kihisi kinauona. Havijali jua wala wingu. Tatizo ni kwamba umening'iniza uzito kwenye ncha ya mtutu, na mtutu hutetemeka tofauti. Risasi zinatua mahali pengine, kwa hiyo siku ya kupima kasi si siku ya kupima shabaha.

Rada ndiyo iliyobadilisha mchezo. LabRadar ilianza kuonekana viwanjani kama miaka kumi iliyopita, sanduku la rangi ya chungwa ambalo ilibidi uliweke mahali pake kwa ustadi. Mwishoni mwa 2023 Garmin wakatoa Xero C1 Pro, kidogo cha kutia mfukoni, kwa dola 600 hivi, na uwanja mzima ukabadilika. Rada inarusha mawimbi, mawimbi yanagonga kitako cha risasi inayokimbia na kurudi yakiwa na sauti iliyobadilika. Kwa mawimbi ya gigahezi 24, risasi ya mita 800 kwa sekunde huyabadilisha kwa hezi 128,000 hivi, na hilo kusomwa na elektroniki za leo ni jambo jepesi. Hakuna kitu kwenye njia ya risasi, hakuna kilichofungwa kwenye mtutu, jua litoke lisitoke. Unawasha, unapiga, unasoma.

Na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza, kwa sababu kazi ya kupima ilipokuwa ngumu, watu walipima wachache na kwa adabu. Sasa kila mlio una namba yake.

Kidude kinakuandikia kasi ya kila risasi, wastani, ya juu kabisa, ya chini kabisa, tofauti kati ya hizo mbili, na zile herufi mbili ambazo sasa ndizo salamu ya viwanjani: SD. Maana yake ni kiasi ambacho risasi zako kwa kawaida zinapishana na wastani wake. Ikiwa ndogo, umejaza sawasawa. Mtu hukujia akiwa na furaha: "SD yangu ni sita!" Umepiga ngapi? Tatu. Tano, akiwa mtu wa kujituma.

Tazama mfano huu wa risasi kumi za boksi moja, mizani moja, baruti ya kopo moja, zikipigwa kwa mafungu mawili ya tano. Fungu la kwanza: 2,641, 2,655, 2,648, 2,662, 2,639. Wastani ni 2,649 na SD inakaribia 10. Fungu la pili: 2,650, 2,618, 2,671, 2,644, 2,657. Wastani ni 2,648 na SD ni karibu 20. Ukiziweka pamoja zote kumi, wastani ni 2,648.5 na SD ni 14 na nusu. Mtu aliyepiga fungu la kwanza akaenda zake amepata risasi za kujivunia. Aliyepiga la pili anarudi nyumbani kubadilisha fataki, kununua mizani mpya, na kumlaumu aliyetengeneza ganda. Risasi ni zile zile.

Hii si bahati mbaya ya siku moja. Ukipiga tano na kupata SD ya 10, basi kwa uhakika wa asilimia 95 unachoweza kusema ni kwamba SD halisi ya risasi zako iko kati ya 6 na 29. Sita ni risasi za bingwa wa mashindano. Ishirini na tisa ni za mtu aliyejaza huku anatazama mpira. Ukipiga kumi, nafasi inapungua hadi kati ya 7 na 18. Ukipiga thelathini, kati ya 8 na 13. Hakuna rada ya bei yoyote inayoweza kukuokoa na hesabu hiyo, kwa sababu kosa haliko kwenye rada.

Ile tofauti ya juu na chini ni mbaya zaidi, maana inakua kadiri unavyopiga. Kwa risasi tatu hutarajiwa kuwa mara 1.7 ya SD. Kwa tano, mara 2.3, kwa kumi, 3.1, kwa ishirini, 3.7. Kwa hiyo anayepiga tatu karibu siku zote atamshinda kwa namba anayepiga ishirini, hata kama wanachota kwenye boksi moja. Na ndiyo maana picha zinazorushwa mtandaoni ni za risasi tatu.

Kuna na mchezo wa kutafuta tambarare. Mtu anajaza risasi moja moja, kila moja imezidi ya nyuma yake kwa sehemu mbili za kumi za greni, anazipiga kwa mfuatano na kuchora kasi zake kwenye grafu. Mahali ambapo mstari haupandi, anasema ndipo bunduki yake inapopapenda. Kwa .308, nyongeza hiyo ndogo hutoa kama futi 10 za kasi. Risasi zenyewe zinayumba kwa futi 10 au 15 bila kuongezwa chochote. Mchanganyiko huo hauwezi kukosa kutoa tambarare mahali fulani. Rudia kesho, utaiona tambarare nyingine kwenye ngazi nyingine. Nimeshuhudia watu wazima, wahandisi wa mafuta, wakitetea tambarare zao kwa sauti ya juu.

Wanaokataa kupiga nyingi wana sababu, siwabezi. Kati ya 2020 na 2022 fataki ziliadimika nchi nzima, na bei iliyopanda wakati ule haikurudi chini yote. Baruti nayo ni ghali. Mtutu unachakaa. Mtu akifikiria gharama ya risasi thelathini za kuchoma ili tu apate namba ya kuaminika, anaamua tano zinatosha. Ninachosema ni kwamba kama tano ndizo ulizonazo, uliza tano swali ambalo tano zinaweza kulijibu.

Swali hilo ni la wastani. Rudi kwenye yale mafungu mawili: SD iliruka mara mbili, lakini wastani ulisogea futi moja. Kwa risasi zenye SD ya 15, wastani wa risasi tano huyumba kama futi 7 tu kutoka kwenye ukweli. Hiyo ni robo ya asilimia moja. Hapo kidude kinasema kweli mapema, na kwa bei nafuu. Nao wastani una kazi kubwa kuliko kujisifu.

Kazi ya kwanza ni presha. Ndani ya chumba cha bunduki, .308 imewekewa kikomo cha presha cha paundi 62,000 kwa inchi ya mraba. Ni wachache mno wanaoweza kuiona presha hiyo nyumbani. Wenye mitambo ya kuipima ni maabara. Watu wa zamani walisoma dalili: fataki iliyobonyea ikawa bapa, bolti (komeo la chumba cha bunduki) inayogoma kufunguka, alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda. Dalili hizo ni kweli, lakini huja zimechelewa, mara nyingi kikomo kikiwa kimeshapitwa zamani. Kasi hukuambia mapema zaidi, kwa sababu kasi haiji bure: kwa baruti ile ile, kichwa kile kile na mtutu wa urefu ule ule, risasi ikienda mbio kuliko kitabu kinavyosema, presha nayo imepanda.

Mzee wangu ana sheria moja ya meza yake, nayo ni kwamba kasi ya juu ya kitabu ndiyo kikomo, hata kama uzito wa baruti haujafika. Kitabu kinaweza kuwa kimetumia mtutu wa inchi 24. Wa kwako ni 20. Kwa .308 kila inchi ya mtutu inachangia futi 20 hadi 25 hivi, kwa hiyo ulipaswa kuwa nyuma ya kitabu kwa futi 80 au zaidi. Ukiona umelingana nacho, usifurahi. "Kijana," huniambia, "hiyo kasi umeikopa mahali." Huenda kopo jipya la baruti lina nguvu kuliko la zamani, huenda maganda ni manene zaidi na nafasi ya ndani imepungua, huenda kichwa kimebanwa ndani mno. Risasi tano zinatosha kabisa kukushtua.

Kazi ya pili ni joto, na hapa ndipo historia ya kwetu inapoingia. Waingereza walipoanza kutumia kordaiti, baruti yao isiyo na moshi, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, waligundua kwamba risasi iliyojazwa na kupimwa kwenye ubaridi wa Uingereza ilikuwa kitu kingine ikiachwa juani India au Afrika. Presha ilipanda, maganda yalinasa chumbani, na ganda lililonasa mbele ya mbogo aliyejeruhiwa si jambo la kulalamikia kwa barua. Ndipo zikatengenezwa risasi za nchi za joto zenye baruti pungufu. John Rigby walipotoa .416 yao mwaka 1911 waliipa ganda kubwa kupita kiasi makusudi, ili presha ibaki chini na joto lipate pa kuipandisha bila madhara. Ukiliona ganda la .416 Rigby kwa mara ya kwanza unajiuliza kwa nini wamepoteza shaba yote ile. Jibu ni jua la kwetu.

Baruti za leo zimetulia zaidi, ila si zote. Nyingine hubadilika kwa futi moja au zaidi kwa kila digrii moja ya Farenhaiti. Texas ya Agosti ni digrii 100, na asubuhi ya Januari kwenye vilima vya magharibi mwa Austin inaweza kufika 32, maji yanaganda. Tofauti ya digrii 68, kwa baruti ya namna hiyo, ni futi 68 za kasi, kubwa kuliko SD yoyote ambayo watu wanagombania. Aliyejaza hadi ukingoni wakati wa baridi akasahau boksi kwenye dashibodi ya gari wakati wa kiangazi, amejitengenezea tatizo la Waingereza.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo ni .458 Winchester Magnum. Ilitoka mwaka 1956 kwa ajili ya wanyama wakubwa wa Afrika, ikitangazwa kusukuma kichwa cha greni 500 kwa zaidi ya futi 2,100. Ganda lake lilikuwa fupi, baruti ilibidi ishindiliwe mno, na risasi zilizokaa muda mrefu baruti iliganda kuwa donge na kuwaka vibaya. Zilipopimwa, nyingine hazikufika futi 2,000. Mwindaji wa Kimarekani Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, hatimaye alibuni .458 Lott, yenye ganda refu zaidi, mwaka 1971. Wawindaji wa Tanzania, ambako .375 ndiyo kima cha chini kwa wanyama hatari, bado wanazibishania bunduki hizi mbili kando ya moto. Kilichonivutia mimi ni kwamba muda wote ule tangazo lilikuwa kwenye boksi na jibu lilihitaji chombo ambacho mwindaji porini hakuwa nacho. Wala SD haikuhitajika. Wastani wa risasi chache ungemwonyesha kwamba anachokibeba sicho alichouziwa.

Je, SD haina kazi? Inayo, kwa anayepiga mbali. Kwa yadi 1,000, tofauti ya futi 20 za kasi kwenye .308 inashusha risasi kwa zaidi ya nusu futi, na huko watu wanapigania inchi. Hao ndio wenye sababu ya kuchoma risasi thelathini wapate namba ya kweli, na wanaojua kazi yao huzichoma. Lakini kulungu wangu mimi yuko yadi 150, akizidi sana 200. Kwa yadi 200 futi hizo 20 hazifiki hata robo inchi, nami nalenga eneo la moyo na mapafu lenye upana wa inchi nane hivi. Mkono wangu ukiwa na baridi unayumba zaidi ya hapo.

Kwa hiyo sasa kwenye boksi naandika mambo matatu: wastani, joto la siku niliyopima, na namba ya bechi ya baruti. Nikifungua kopo jipya napima tena kabla ya kujaza boksi zima. Risasi zikitoka pamoja kwenye karatasi na kasi iko chini ya ile ya kitabu, kidude kinazimwa na kurudi kwenye begi, na baruti iliyobaki inatumika kupiga nikiwa nimekaa, nimepiga goti, nimeegemea mti, mambo ambayo rada haina safu ya kuyaandika. Mzee bado anachapa risiti zake na kuzihifadhi kwenye boksi la viatu, kila moja na joto lake kwa kalamu ya risasi. Juzi kijana mmoja wa meza ya jirani alimwuliza SD yake ni ngapi. Mzee akamwuliza kulungu wake yuko umbali gani, kijana akasema hajawahi kuwinda.